Nani Arejeshewe? Hukumu na Rehema ya Manabii katika Ukanda wa Malaba

Wapo wanaodai kwamba mahubiri ya urejesho ni mageni katika ukanda huu wa Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwa maelezo yao, wamisionari walikuja na Mungu wa moto na amri kumi, watu wakabatizwa kwa hofu, na ikabidi kuyangoja makanisa ya kipentekoste na vipaza sauti vyao, miaka ya 1980 na 1990, ndipo mtu wa Kocholia asikie kwamba Mungu aliyepiga ndiye huyo huyo afungaye jeraha. Dai hilo lilipata nguvu mpya mwaka 2020. Nzige wa jangwani walikuwa wameingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019. Februari iliyofuata wakavuka hadi Karamoja nchini Uganda. Kabla hawajaisha ikaja korona, na foleni ya matrela yaliyongoja madereva wapimwe Malaba ikarefuka kilomita nyingi ndani ya Kenya. Nzige, tauni na mpaka uliobanwa: mhubiri gani angekosa kufungua Yoeli sura ya pili, pale Mungu anapoahidi kuifidia miaka iliyoliwa na nzige? Wengi waliifungua, na wengi wakaifasiri kwa namna moja: nzige ni madeni yako, miaka iliyoliwa ni biashara yako iliyokufa, na urejesho unaanza na sadaka utakayoitoa leo.

Tafsiri hiyo naiacha hapo hapo, haistahili kurasa nyingi. Yoeli alisema na taifa zima, kuanzia wazee hadi watoto wanyonyao, akamtoa hata bwana arusi chumbani. Hakusema na mfanyabiashara mmoja anayetaka kuongeza mtaji. Kinachonishughulisha ni lile dai la kihistoria. Si kweli kwamba ukanda huu ulingoja miaka ya 1990 ili kusikia habari za rehema baada ya hukumu. Watu wa hapa walikuwa wakiwasoma manabii, wakiwabishania, na hata wakifa kwa ajili yao, tangu kabla ya uhuru. Tatizo ni kwamba waliowasoma kwa makini zaidi walipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, au walichukuliwa kuwa vituko vya historia.

Usuli wa manabii wenyewe unajulikana, nami nitaupita mbio. Samaria ilianguka mbele ya Ashuru mwaka 722 KK, Yerusalemu mbele ya Babeli mwaka 586 KK, na Koreshi wa Uajemi akawaruhusu watu kurudi kwao mnamo 538 KK. Vitabu vya Hosea, Isaya, Yeremia, Ezekieli na wenzao vinayazunguka matukio hayo: shtaka, adhabu, kisha ahadi ya kurudishwa. Ila ahadi yenyewe haielei hewani. Yeremia, mji ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe yuko kifungoni, ananunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, anaitia hati muhuri mbele ya mashahidi na kuagiza iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu. Urejesho wake una hati ya shamba. Nehemia naye anapoulizwa na mfalme kwa nini uso wake umekunjamana, jibu lake haligusi hekalu wala biashara. Anasema mji yalipo makaburi ya baba zake umekuwa ukiwa. Urejesho wa manabii unaanzia kwenye ardhi na wafu. Magharibi mwa Kenya pia ulianzia huko.

Habari za ukoloni wa mapema nazo msomaji wa jarida hili anazijua. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Mwaka huo huo Wakweka wa Marekani walifika Kaimosi. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua misheni zao wakitokea upande wa Mumias, na Waanglikana wa CMS walitokea Uganda wakiwa na Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896. Kwa hiyo Isaya na Yeremia walifika kwa Wateso wengi kwa lugha ya watu waliokuja na bunduki. Jambo hilo lina uzito, na tutalirudia tukifika kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda.

Kwanza twende Chetambe.

Mwaka 1895 kikosi kilichoongozwa na C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Mumias, kiliwashambulia Wabukusu. Ndani yake walikuwamo askari wa Kisudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai. Chanzo kilikuwa ugomvi wa bunduki na kuuawa kwa askari wa Kisudani waliokuwa wametumwa na mtangulizi wake. Ngome ya kwanza kuanguka ilikuwa Lumboka. Ya pili ilikuwa Chetambe, ngome ya udongo na handaki juu ya kilima kinachotazama mji wa Webuye wa leo. Mishale na mikuki ilikutana na bunduki za kisasa. Waliouawa walikuwa wengi, mifugo ilitekwa, na mateka walichukuliwa. Mambo yakaishia hapo kwa upande wa serikali. Hobley aliendelea na kazi yake, akaandika vitabu, akastaafu.

Miaka 52 baadaye, Septemba 1947, maelfu ya watu walipanda kilima hicho hicho wakiongozwa na Elija Masinde. Wasomi wengi hulipita tukio hili haraka ili wafike kwenye risasi za mwaka uliofuata. Mimi naona ndilo kiini cha habari yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Masinde alizaliwa upande wa Kimilili mwanzoni mwa karne ya 20. Ujanani alikuwa mchezaji mpira hodari, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika mashindano ya Gossage. Alilelewa katika kanisa la Wakweka, akatengwa alipooa mke wa pili. Alifanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji, kazi inayomfundisha mtu jinsi serikali inavyoingia katika boma la maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa, iliyomwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, pamoja na wahenga, na iliyoshika kwa nguvu Agano la Kale: sadaka za wanyama, wake wengi kama Yakobo na Daudi, mlima mtakatifu. Mlima Elgon wafuasi waliuita Sayuni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikataa amri za kilimo na uandikishaji wa nguvu wa wafanyakazi, akakamatwa, na mwaka 1945 akapelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi. Alitoka mwaka 1947, na miezi michache baadaye alikuwa Chetambe.

Alikwenda kufanya nini? Alikwenda kuwaombea waliokufa mwaka 1895. Kafara ilitolewa, watu wakaimba na kuomba. Huyu mtu aliyetuhumiwa kutaka kuchoma misheni na kuwafukuza Wazungu alianza kampeni yake kwa matanga. Mtu aliyezoea mahubiri ya siku hizi atashangaa. Aliyesoma Nehemia hatashangaa. Wala asomaye Ezekieli 37, lile bonde la mifupa mikavu ambayo Mungu anaiita nyumba yote ya Israeli, hawezi kukwepa kuona kilichokuwa kikitendeka juu ya kilima kile. Taifa lililopigwa halikuwa limewalilia wafu wake pamoja, hadharani. Kizazi kilichofuata kilijifunza kusoma, kikaingia kanisani, kikalipa kodi, kikapelekwa vitani Burma, na wafu wa Chetambe hawakuwa na siku yao katika kalenda ya kanisa lolote. Masinde aliwapa siku.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi ulikabiliana na polisi Malakisi, mwendo mfupi tu kutoka nchi ya Wateso. Polisi walifyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, asirudi hadi 1961. Ujumbe wenyewe ulikuwa umeshavuka makabila. Mpokot Lukas Pkech aliuchukua, akatoroka jela, akakusanya watu wake, na tarehe 24 Aprili 1950 huko Kolloa, Baringo, mapambano yake na kikosi cha serikali yaliua Wapokot 29, Pkech mwenyewe akiwamo, pamoja na maofisa watatu wa Kizungu.

Juu ya Masinde kuna ugomvi wa wasomi ambao haujakwisha. Fasiri ya kwanza ilikuwa ya serikali: mwendawazimu. Mkuu wa Mathari miaka ile alikuwa J. C. Carothers, ambaye mwaka 1954 aliandika kitabu cha serikali akieleza Mau Mau kwa saikolojia, kana kwamba njaa ya ardhi ni ugonjwa wa kichwa. Sina haja ya kubishana na fasiri hiyo. Ikiwa kukataa kazi ya nguvu na kuwaombea wafu ni wazimu, basi Yeremia aliyejivika nira shingoni mwake na Ezekieli aliyelala ubavu mmoja siku 390 wangepewa vitanda jirani na cha Masinde.

Fasiri ya pili inastahili subira. Audrey Wipper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu waasi wa vijijini, aliiweka Dini ya Msambwa sambamba na dini ya Mumbo iliyoanzishwa mwaka 1913 na Onyango Dunde wa Alego. Kwake zote mbili ni maandamano ya watu walionyimwa sauti, yaliyovaa kanzu ya dini. Mwanahistoria Gideon Were naye aliitazama upya, akaipa heshima kubwa zaidi. Baada ya uhuru wanasiasa wakamgeuza Masinde kuwa mpigania uhuru, na sifa hiyo imemkaa. Hakuna uongo hapo, ila maelezo hayajitoshelezi. Kama Masinde alikuwa mwanasiasa tu, uhuru ungemtosha. Haukumtosha. Dini ya Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964, na mwaka 1968 serikali ya Wakenya wenyewe ikaipiga marufuku tena. Masinde akaonja jela za Jomo Kenyatta kama alivyoonja za Waingereza. Aliishi chini ya serikali mbili, zote zikamwona adui, hadi alipofariki mwaka 1987.

Kwa nini? Nadhani jibu liko katika Nehemia sura ya tano, ambayo ni nadra kusomwa hadharani. Watu wamesharudi kutoka uhamishoni, ukuta unajengwa, na ghafla kilio kinasikika: maskini wameweka rehani mashamba yao, wamewauza watoto wao, na wadai wao si Wababeli bali ni ndugu zao Wayahudi. Urejesho umekuja, na walio juu wameula. Angalia sasa Trans Nzoia miaka ya 1960. Ardhi iliyochukuliwa na walowezi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iligawanywa kwa mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962, na mpango huo ulikuwa wa mkopo: Mwafrika alipewa shamba akabaki na deni. Mwenye fedha na mwenye kujuana na wakubwa alipata kubwa, asiye na kitu akapata ahadi. Mtu aliyeamini kwamba ardhi ni ya wahenga na Wele angepokeaje habari kwamba itarudi kwa awamu na riba? Wanaomwita Masinde mkaidi asiyejua kushukuru uhuru hawajaisoma sura hiyo.

Hata hivyo siandiki haya nikiwa Kimilili. Kutoka Kocholia swali jingine linajitokeza, na wanaompenda Masinde hulizunguka. Simulizi za Wabukusu wenyewe zinaeleza vita vyao na Wateso katika karne ya 19, na jinsi walivyosukumwa kutoka sehemu walizokuwa wamekaa. Wateso nao walikwisha kuzika wazazi wao katika nchi hiyo. Nabii akisema nchi irudi kwa wenyewe, mama wa Kiteso wa Amagoro au Angurai anayo haki ya kuuliza: wenyewe ni nani, na sisi tuende wapi? Waliorudi kutoka Babeli walikuta swali hili hili. Kitabu cha Ezra kinaonyesha jibu moja, la kufunga mlango: watu wa nchi walipoomba kujenga pamoja nao walikataliwa. Lakini Ezekieli, mwishoni kabisa mwa maono yake, sura ya 47, anapogawanya nchi iliyorejeshwa anaagiza kwamba wageni waliozaa watoto katikati ya Israeli wapewe urithi pamoja na makabila, kila mmoja mahali anapokaa. Katika habari za Dini ya Msambwa sioni Ezekieli huyo wa sura ya 47. Urejesho wake ulikuwa wa haki kwa waliopigwa. Kwa jirani haukuwa na nafasi iliyoandaliwa. Mapigano ya Wabukusu na Wateso yaliyotokea baada ya uhuru hayakuletwa na Masinde, ila hakuacha fundisho ambalo lingeyazuia.

Na sasa Kakungulu. Vitabu vya Uganda humkumbuka kama jemadari, vya Kiyahudi kama mwanzilishi, na vya Kenya karibu havimkumbuki kabisa, ingawa alikaa Mbale, saa chache tu kutoka Malaba. Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, akawa Mprotestanti, akapigana vita vya Buganda upande wa Waingereza. Kuanzia mwaka 1899 alijenga ngome Bukedi na kuingia Teso, akiweka mawakala wa Kiganda juu ya watu ambao hawakuwa na wafalme. Barabara zilikatwa kwa kazi ya lazima. Upande wa Kenya kazi kama hiyo ilifanywa na machifu wa Kiwanga, jamaa ya Nabongo Mumia, mmoja wao akiwa Murunga. Kakungulu alitumaini kutawazwa kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimtumia, kisha wakamshusha ngazi moja baada ya nyingine: akafanywa chifu wa Mbale, akahamishiwa Busoga, na mwaka 1913 akarudi Mbale.

Hapo ndipo alipozama katika Biblia. Kwanza alijiunga na Wamalaki, kanisa lililokataa dawa za kizungu. Kisha akaona kwamba hata wao hawakuishika Torati. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi, na huo ukawa mwanzo wa jamii ya Abayudaya. Mwaka 1922 alichapisha kwa Kiganda kijitabu cha kurasa kama 90 chenye sala, amri na mafungu ya Maandiko kwa ajili ya wafuasi wake. Kijitabu hicho hakijapewa nafasi yake katika historia ya kanisa la Afrika Mashariki. Wanaokitaja hukitaja kwa haraka, kama ushahidi wa hasira ya chifu aliyenyimwa cheo: alikosa ufalme, akabadili dini ili awakomoe Waingereza. Fasiri hiyo ina uvivu mwingi. Mtu mwenye hasira hupiga kelele, hushtaki, hulewa. Hajitahiri akiwa na umri wa miaka 50, wala hakai na mgeni wa Kiyahudi aliyeitwa Yosef, kama Kakungulu alivyofanya mwaka 1920, miezi mizima akijifunza kalenda ya sikukuu na namna halali ya kuchinja.

Isaya sura ya 10 inamweleza vizuri zaidi. Mungu anamwita Ashuru fimbo ya ghadhabu yake, anamtuma juu ya taifa lenye hatia. Kisha Ashuru anajivuna kwamba ni kwa nguvu za mkono wake, na fimbo yenyewe inahukumiwa. Kakungulu alikuwa fimbo mkononi mwa himaya. Ilipokwisha kazi ikatupwa. Fimbo iliyotupwa ndiyo iliyoanza kuwasoma manabii. Mteso anayesoma habari hii hana sababu ya kumwonea huruma, na hapa ndipo manabii wanapokuwa wagumu kuliko tunavyopenda. Sura ya 19 ya kitabu hicho hicho cha Isaya inaiweka Ashuru, pamoja na Misri, katika baraka moja na Israeli. Kitabu cha Yona kimeandikwa karibu chote juu ya nabii anayekasirika kwa sababu Ninawi, mji wa adui, umesamehewa. Rehema ya Biblia humfikia pia mtu aliyekuja kwako na mjeledi, bila kukuomba ruhusa.

Kakungulu alifariki Novemba 1928. Jamii yake iliendelea juu ya vilima vya Mbale, Nabugoye na kwingineko, ikafikia watu kama 3,000. Idi Amin akaupiga marufuku Uyahudi. Masinagogi yalifungwa, wengi wakabatizwa au kusilimu, na wakabaki kama 300 tu wanaosali kwa siri. Kampala ilikombolewa na jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo iliyoanza sikukuu ya Pasaka ya Kiyahudi. Huhitaji kuwa mtu wa miujiza ili uelewe kwa nini Abayudaya huisimulia tarehe hiyo kila mwaka. Mwaka 2002 jopo la marabi kutoka nje lilithibitisha uongofu wa mamia yao, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawekewa mikono kuwa rabi huko Marekani, kisha akarudi Nabugoye. Mabaki waliorudi: Isaya alikuwa na somo zima juu yao.

Uamsho wa Balokole, uliofika kote huku kuanzia miaka ya 1930, nautaja kwa ufupi, maana una waandishi wake wa kutosha. Ulihubiri toba ya mtu mmoja mmoja na damu ya Yesu, ukawapatanisha watu ambao hakuna kingine kilichoweza kuwapatanisha; ila juu ya ardhi na wafu wa Chetambe ulinyamaza. Tunda lake kubwa lilikuja baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977. Maaskofu walikimbia. Yona Okoth wa Bukedi, dayosisi inayopakana nasi, alivuka kuja Kenya. Festo Kivengere wa Kigezi naye alitoroka, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilimaanisha kwamba anampenda Idi Amin. Walimcheka wengi. Mimi naona hakuna Mwafrika Mashariki aliyeikaribia Yona sura ya nne kama yeye. Nalalamika tu kwamba rehema yake haikuuliza nani atarudisha kilichoporwa.

Swali hilo Teso walilazimika kuliuliza. Kuanzia miaka ya kati ya 1980 uvamizi wa Wakaramojong, na baada yake uasi wa UPA (Uganda People's Army) wa mwaka 1987 hadi 1992 pamoja na majibu ya jeshi, vilimaliza ng'ombe wa Teso. Kwa Mteso ng'ombe ni jembe, mahari, benki na karo ya shule. Nani hasa aliyewachukua, bado ni jambo linalobishaniwa: wengine wanawanyoshea kidole wafugaji wa Karamoja, wengine wanasema askari walishiriki. Tarehe 11 Julai 1989 wanajeshi waliwafungia wanaume walioshukiwa kuwa waasi ndani ya behewa la treni katika stesheni ya Mukura, wilaya ya Kumi. Watu 69 walikufa kwa kukosa hewa. Reli inayopita Malaba huingia Tororo, na hapo tawi moja huelekea Mukura na Soroti. Ni njia moja ya chuma. Serikali baadaye ilijenga Mukura shule ya sekondari ya kumbukumbu. Fidia ya mifugo iliahidiwa katika kampeni baada ya kampeni, na malipo ya awamu yalianza kutolewa katika miaka hii ya 2020, huku orodha za wanaostahili zikizozaniwa.

Hapo ndipo Yoeli anaposomwa kwa uzito unaomstahili. Ng'ombe walioliwa wanahesabika, mmiliki wao ana jina, na aliyeahidi kulipa anajulikana. Wazee wa Kumi wanaofuatilia madai yao ofisini miaka 30 wamemfasiri nabii huyo vizuri kuliko krusedi nyingi nilizozisikia zikivuma ng'ambo na ng'ambo ya mpaka huu. Hawakutenga rehema ya Mungu na hesabu ya mifugo, wala hawakuigeuza hesabu hiyo kuwa sadaka ya kumpa mhubiri.

Upande wetu wa mpaka una ushahidi ambao haujaandikwa. Familia za Kiteso, Kikhayo na Kisamia ziliwapokea jamaa na wageni waliovuka wakati wa Amin, na tena wakati wa vita vya Teso. Walilala katika nyumba zao, walilima mashamba yao, na baadhi walizikwa huku. Wenye kumbukumbu hizo sasa wana miaka 70 na kuendelea. Idara ya utamaduni ya Kaunti ya Busia, pamoja na parokia na makanisa ya Amukura, Amagoro, Malaba na Kocholia, ziwatume vijana wenye vinasa sauti kwa wazee hao mwaka huu, wawarekodi kwa Kiteso kwanza na Kiswahili kifuate. Na ziorodheshe makaburi ya wale wageni yalipo, kwa jina na kwa shamba, kabla shamba halijauzwa.